Picha ya Taa ya Chumbe



Kila ukifungua ukurasa huu umezoea kunikuta nikijibu masuala ya mirathi, ya eda, na ya majirani wanaogombania mpaka wa kiwanja. Leo niwie radhi. Nina jambo moja limenikaa moyoni tangu Mfunguo Pili, nami nimeona nikueleze kama ninavyowaeleza watu wa barazani kwangu, maana jambo lenyewe linataka mashauri. Ninapanga safari ya kwenda kupiga picha taa ya mnara wa Chumbe.

Najua utacheka. Shehe wa miaka 68, ambaye magoti yake husikika yakilia kila anaponyanyuka juu ya msala, kamera na yeye wapi na wapi? Hata wanafunzi wangu wa chuoni wamecheka, ingawa wao walicheka wakijifunika midomo. Lakini ngoja kwanza usikie.

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu ndiyo desturi ya sisi walimu wa zamani, hatuwezi kupita neno bila ya kulifungua. Sisi Waswahili tuna neno moja, mnara, na neno hilo tunaliweka juu ya mnara wa msikiti, mnara wa saa, na mnara wa taa za baharini. Asili yake ni Kiarabu, manara, yaani mahali panapotoka nuru. Kwa hivyo ukitazama vizuri utaona kwamba mnara wa taa ndio wenye haki ya jina hilo kabla ya mingine yote, mwengine umeazima. Na mnara ulioifanya dunia nzima itaje minara ni ule wa Iskandaria, katika nchi ya Misri, uliojengwa kiasi ya miaka 280 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusi, aliuona mwaka 1183 na akaeleza kwamba juu kileleni palikuwa na msikiti watu wakisali. Ibn Battuta alifika mwaka 1326 akakuta upande mmoja umekwisha kuanguka. Aliporudi mwaka 1349 alikuta umekuwa gofu kiasi ambacho haukuwezekana hata kuingiliwa. Miaka 23 tu baina ya ziara mbili za mtu mmoja. Baadaye, katika miaka ya 1477 hadi 1479, Sultani Qaitbay akajenga ngome mahali pale pale, na mnara ukabaki katika vitabu.

Na sisi tusijione kuwa tuko mbali na khabari hizo. Hapa Unguja mbele ya jumba la Sultani palikuwa na mnara wa taa bandarini. Ulipigwa mizinga ya manowari za Kiingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile ambavyo havikufika hata saa moja, na haukusimama tena. Mwaka uliofuata mnara wa saa ukawekwa mbele ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883. Tukakua na mnara huo sote, tukiutazama kila siku tukienda sokoni bila ya kuutazama. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ikaporomoka, na watu wawili wakafariki dunia. Wiki ile, msomaji, watu wangapi walinijia kuniuliza kama nina picha ya zamani ya jumba lile! Watu waliozaliwa Forodhani, waliocheza chini ya baraza zake, hawakuwa na picha hata moja. Wageni waliopita siku mbili wanazo mamia.

Sasa Chumbe. Kwa wasiokijua, ni kisiwa kidogo cha matumbawe, hekta 22 hivi, kusini ya mji wa Unguja, na mtu akisimama pwani ya Chukwani hukiona bila ya taabu. Mnara wake ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, wakati wa Sayyid Ali bin Hamoud, ili kuviongoza vyombo vinavyoingia na kutoka kwa njia ya kusini. Pembeni mwa mnara pana msikiti mdogo wenye sura ya misikiti ya Kihindi, uliojengwa kwa ajili ya walinzi wa taa. Mimi napenda sana kuufikiria msikiti ule. Watu wachache, pengine wawili au watatu, hawana jirani isipokuwa popo na kaa wakubwa wa nazi, na bado mtu akaona haifai wasali nje. Tangu mwaka 1994 kisiwa na mwamba wake wa upande wa magharibi ni hifadhi, uvuvi umekatazwa pale, na watoto wa skuli zetu hupelekwa kujifunza mambo ya bahari. Hilo ni jambo la kheri na linastahiki makala yake peke yake.

Mwaka 1926 mnara ulitiwa taa ya gesi ya AGA. Ufundi wa taa hizo ni wa ajabu kidogo, nami nitakueleza kwa ufupi. Aliyezitengeneza ni Msweden, Gustaf Dalén. Alibuni kifaa chenye fimbo nyeusi ndani yake. Mchana fimbo ile hunywa mwangaza wa jua, hupata joto, hurefuka, na kwa kurefuka hufunga njia ya gesi, taa ikazimika. Likitua jua fimbo hupoa na kufupika, gesi hupita, na taa huwaka wenyewe bila ya mkono wa mtu. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912. Na mwaka huo huo, akiwa katika kujaribu gesi zake, ulitokea mripuko ukampofua macho yote mawili. Aliendelea kuiongoza kazi yake hali haoni mpaka alipokufa mwaka 1937. Mtu aliyewawashia mabaharia wa dunia nzima taa, mwenyewe asizione. Khabari hii nilimsimulia ndugu yangu kwa simu, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Huyo basi ni mwenzangu."

Na hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha safari.

Ndugu yangu mkubwa, tuliyechangia baba na mama, yuko Maskati. Aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa na miaka 19, mimi nikiwa mtoto wa miaka sita au saba. Aliondoka usiku kwa jahazi, kwanza Dar es Salaam, kisha huku na huku, mpaka baada ya mwaka 1970 alipokwenda Omani kama walivyokwenda wengi wa rika lake. Amerudi kutuzuru mara mbili katika maisha yake, zote kwa ndege, zote mchana. Sasa ana maradhi ya sukari, na sukari imemwingia machoni. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia, daktari wake amemwambia atumie kile alichonacho maadamu kipo.

Katika Mfunguo Pili alinipelekea ujumbe wa sauti. Hakuomba pesa, wala dawa za miti shamba ambazo wazee wa huko huagiza. Alisema, "Ndugu yangu, kitu cha mwisho nilichokiona cha kwetu ni taa ya Chumbe. Ilikuwa usiku wa giza, nyota tele, tumeipita mkono wa kulia, na nimeitazama mpaka imezama. Nataka niione tena kabla hili jicho halijafungwa. Nipigie picha." Binti yake, ambaye ni mwepesi wa mambo haya, alimtafutia siku ile ile picha nzuri kabisa ya mnara, mbingu ya buluu, mnara mweupe, minazi. Akamwekea mbele ya uso wake. Akaitazama akasema, "Huu ni mnara. Mimi nimeomba taa."

Lipo jambo ambalo yeye halijui, nami sijawahi kupata njia ya kumwambia kwa simu, kwa kuwa simu ya Maskati huzungumzwa watu wote wa nyumba wakiwa wamekaa. Mama yetu alihamia Chukwani kwa mjomba wetu mwaka 1965. Kila Alhamisi baada ya Maghribi alikuwa akichukua tasbihi yake na kwenda kukaa juu ya jabali linalotazama kusini, chini ya mkungu mmoja, akiitazama taa ile ikiwaka na kupotea, ikiwaka na kupotea. Mimi nilipokuwa mdogo nilimfuata nikimshika leso. Nilimuuliza mara moja anatazama nini. Akanambia, "Ile ndiyo ya mwisho kumwona mwanangu." Hakulia. Alisema kama mtu anayekwambia saa ngapi. Alifanya hivyo mpaka alipokufa mwaka 1988, na miaka yake ya mwisho, alipokuwa haoni vizuri, alikuwa akimuuliza mtoto yeyote aliye karibu, "Imewaka?" na mtoto humjibu, "Imewaka, bibi."

Kwa hivyo, msomaji, picha niliyoombwa ni moja, lakini mimi najijua kwamba ninadaiwa mbili.

Kabla sijaendelea, nawasikia baadhi ya wasomaji wakiuliza juu ya hukumu ya picha, na ningeshangaa kama msingeuliza. Sitaki kuyarefusha, maana ulamaa wameyazungumza na vitabu vipo. Itoshe kusema mambo mawili. La kwanza, mnara si kitu chenye roho, na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba alimruhusu mtengeneza picha mmoja kuchora miti na visivyo na roho. Basi hata mwenye kushika msimamo mkali kabisa hana la kuniuliza hapa. La pili, Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 hadi 1920, aliandika risala makhsusi ya kuhalalisha picha za kamera, kwa hoja kwamba mpigaji haumbi kitu, anazuia tu kivuli kilichokwisha kuwapo. Na aliyetufundisha jinsi mwangaza unavyoingia kwa tundu katika chumba cha giza na kuleta sura ya kitu kilicho nje ni Ibn al-Haytham, katika karne ya 11. Tuendelee.

Kamera si yangu. Ni ya mpwa wangu, mtoto wa dada yetu, kijana anayepiga picha za harusi na anayejua kazi yake. Nilipomweleza alifurahi, akaanza kunipangia mambo makubwa. "Mjomba, tutarusha ile ndege ndogo, tuupige mnara kutoka juu." Nikamwambia, kwanza Chukwani iko karibu na kiwanja cha ndege, na madude yale yanataka vibali vya serikali, pili, ndugu yangu hakuondoka Unguja akiwa juu ya mawingu. Hilo likafungwa.

Akaja na la pili, twende tukalale kisiwani, tuupige mnara kwa karibu, usiku. Hilo lina akili zaidi, nami nalitamani kwa ajili ya msikiti ule. Lakini kulala Chumbe kumekadiriwa kwa mifuko ya wageni, na hata hivyo aliyesimama chini ya mnara haoni taa, huona mnara. Taa ya baharini imewekwa kwa ajili ya aliye mbali. Ukiikaribia imekupita juu ya kichwa.

Tukabaki na mahali pawili: pwani ya Chukwani, pale alipokuwa akikaa mama, na baharini, pale alipopita ndugu yangu. Na kila pamoja pana sheria zake.

Pwani ndiyo nyepesi. Kamera itawekwa juu ya stendi ya miguu mitatu, jicho lake litafunguliwa kwa sekunde kadhaa, na kwa kuwa stendi haitikisiki, hata taa iliyo kilomita sita itaingia safi. Mpwa wangu ananifahamisha kwamba taa yenye kuwaka na kuzimika humtega mpigaji, kwa sababu wakati mwingi iko katika kuzimika. Ukibofya ovyo utapata bahari tupu. Kwa hiyo ni lazima kwanza ukae uihesabu kwa saa, ujue inakawia kiasi gani, kisha jicho la kamera lifunguliwe kabla na kufungwa baada. Nimemwambia kazi ya kuhesabu aniachie mimi, nimeifanya tangu nikiwa na miaka saba.

Baharini ni shida. Chombo kinayumba, na kamera iliyofunguliwa sekunde kumi juu ya chombo kinachoyumba itaichora taa kama mwandiko wa mtoto wa alifu. Inabidi afungue kwa muda mfupi mno, apige picha nyingi mfululizo, na aombe mojawapo ikutane na mwako. Anasema kati ya picha mia mbili pengine tatu zitafaa. Nikamwambia tatu ni nyingi, sisi tunataka moja.

Sasa siku. Ndugu yangu amesema usiku wa giza, nyota tele. Basi hatuwezi kwenda tarehe 14 wala 15, ingawa mwezi mpevu ungetupambia bahari. Ni lazima iwe mwisho wa mwezi. Nimeitazama Rajabu, ambayo kwa miaka hii imeangukia katika kaskazi, na kaskazi hutuwekea bahari ya upande wa magharibi shwari kwa kuwa kisiwa chenyewe hutukinga na upepo. Usiku wa 27 Rajabu siumo, nina watu wa kuwasomea Miraji. Zimebaki 28 na 29.

Siku hizo ni za bamvua. Watu wa pwani mnajua kwamba bamvua ya Unguja hujaa kiasi cha saa kumi, alasiri na alfajiri, na hutoka kiasi cha saa nne, na baina ya kujaa na kutoka maji hupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Ni faida kwetu. Chombo kitaondoka pwani maji yamejaa, bila ya kukokotwa juu ya mwamba, na jua likitua maji yatakuwa yamekwisha kushuka nusu, bado yanatosha kurudia. Tukichelewa sana tutashuka na kutembea juu ya matumbawe kwa magoti haya niliyokwisha kukutajia. Hatutachelewa.

Jua la wakati huo hutua saa kumi na mbili na dakika arubaini hivi, mkono wa kulia wa kisiwa. Mpwa wangu anasema saa bora kabisa ya picha ya taa ni robo saa baada ya jua kutua, ambapo mbingu bado ina buluu na taa imekwisha kupata nguvu. Kwetu huku muda huo ni mfupi, dakika ishirini na giza limefunga. Nikamwona anasita, hataki kusema. Nikajua anafikiri juu ya Maghribi. Nikamwambia, "Usihangaike, kijana. Jua likizama tunaadhini hapo hapo juu ya jabali, tunasali rakaa tatu, na nikimaliza kutoa salamu utakuwa bado una dakika yako ile unayoitaka." Akatazama saa yake, akapiga hesabu kwa vidole, akacheka. Tukiwa baharini tutasali tumekaa. Fikihi imekwisha kulisema hilo zamani, kabla ya kuundwa kamera.

Jambo moja hatukuwa tumelifikiria, tukakumbushwa na mvuvi. Giza la mwisho wa mwezi ndilo giza la dagaa. Siku hizo bahari yote mbele ya Chumbe huwa na vyombo vyenye taa kali za kuvutia samaki, kila mmoja kama duka. Mpwa wangu hakushituka. "Hizo nitazifuta, Mjomba. Na nyota nitaziongeza kidogo. Na mwako wa taa nitaunga ya picha tatu nne, itoke imara." Hapo tukagombana, ugomvi wa mtu na mpwa wake, ambao hauna kinyongo lakini una sauti.

Nikamwambia kwamba mtu aliyekwambia nipigie picha, naye haoni vizuri, amekufanya wewe kuwa jicho lake. Shahidi haongezi nyota. Akanijibu, na jawabu lake sikulitarajia, "Mjomba, hata hiyo kamera yenyewe ikifunguliwa sekunde kumi huona zaidi kuliko macho ya binadamu. Nyota zitakazotoka humo hakuna aliyeziona kwa macho. Hiyo si kuongeza?" Nilinyamaza. Ni swali zuri, na mwalimu akiulizwa swali zuri haifai alijibu haraka. Nilimjibu kesho yake, tukiwa tunakunywa chai. Nilimwambia kwamba mimi nasoma kwa miwani, na miwani hunikuzia herufi, hunipa nisichoweza kukiona peke yangu. Lakini haijapata kunisomea herufi isiyokuwamo kitabuni, wala kunifutia neno kwa kuwa limeandikwa vibaya. Basi kuikuza taa akitaka aikuze. Kufuta na kutia, hapana. Akakubali, ingawa amebaki akinung'unikia vyombo vya dagaa. Mimi navipenda. Ndugu yangu alipokuwa kijana wavuvi walikuwa wakichukua karabai, na sidhani kwamba atakosa kuvitambua.

Dada yetu naye ana yake. Habari ya pwani ameikubali, habari ya chombo amekataa katakata. Na simlaumu. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam, ilizama karibu na Chumbe kwa upepo na mawimbi, mchana kweupe, na roho nyingi zikapotea. Mtaani kwetu tulisoma hitima zaidi ya moja wiki ile. Tangu hapo ukimtajia dada yetu jina la Chumbe hujishika kifua. Nimemwambia kwamba ile ilikuwa kusi na sisi tunakwenda kaskazi, akanambia bahari haisomi kalenda. Tumepatana hivi: nahodha awe mmoja niliyemsomesha mwenyewe, ambaye chombo chake kina mashine mbili; kila mtu avae boya kabla ya kuinua mguu pwani, na mimi wa kwanza; hatutaingia ndani ya hifadhi wala kutia nanga juu ya mwamba wake, tutakaa nje upande wa mashariki ya kisiwa; na ikiwa alasiri ile upepo umegeuka, picha ya bahari hakuna. Alinilazimisha niyarudie masharti hayo mbele ya nahodha. Nimeyarudia.

Nimekwenda pia kwa sheha wa pale. Nakusihi na wewe, msomaji, ukiwa na nia ya kupiga picha mnara wowote wa taa, wa Nungwi au wa Kigomasha kule Pemba au wa pwani ya bara, uanze kwa wenye mahali. Vitu hivi ni vya usalama wa vyombo, na mtu anayesimama gizani na stendi ya miguu mitatu akielekeza kitu baharini hana sura nzuri, hata akiwa na kilemba. Sheha alinisikiliza, akaniuliza mama yangu alikuwa nani, na nilipomtajia akasema, "Yule bibi wa jabali? Mimi nilikuwa mmoja wa watoto aliokuwa akituuliza kama imewaka." Ruhusa ya pwani nikaipata hapo hapo, na kijana wa kutuchukulia mizigo akanipa juu yake. Mkungu, ameniambia, ulikatwa. Jabali lipo.

Mpango basi ni huu. Tarehe 28 Rajabu pwani, tarehe 29 baharini. Picha zikitoka, zitasafishwa kwa karatasi kubwa, futi mbili kwa tatu, kwa sababu jicho lile haliwezi kutazama kitu cha ukubwa wa simu. Ile ya baharini itakwenda kama alivyoiomba, bila ya maneno. Ile ya pwani nitaiandika nyuma kwa mkono wangu, kwa wino mweusi na herufi kubwa, ili binti yake amsomee wakiwa wawili tu: mahali ilipopigwa, nani alikuwa akikaa hapo, siku gani ya wiki, na kwa miaka mingapi. Rasimu ya maneno hayo ninayo. Nimeiandika mara nne na kila mara imekuwa fupi zaidi.

Jirani yetu mmoja anasafiri kwenda Maskati katika wiki ya kwanza ya Shaabani na amekubali kuzichukua, mradi ziviringwe ndani ya bomba la plastiki lisizidi urefu wa sanduku lake. Bomba nimekwisha kulipima. Mpwa wangu amenunua betri ya akiba. Juzi, Alhamisi, nilikwenda Chukwani peke yangu baada ya Maghribi, na saa yangu mkononi, kuihesabu.